Pindo la Siwatu

Zamani! Jibuni: Ilipita! Zamani! Ilipita! Ikatuachia nini? Kisa! Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna, tafuna kimya.

Zamani hizo, mawe yakiwa bado laini, aliishi msichana Siwatu. Mama yake aliugua, na mjomba wake Machano akamuuza ng'ombe wao, Chaurembo, apate dawa. Mama akapona. Lakini kitoto chake kichanga, kilichozoea maziwa ya Chaurembo, kikawa kinalia njaa, kinalia, kinalia. Mnunuzi akatuma neno: "Leteni fedha yangu kabla soko la leo halijavunjika, mumchukue ng'ombe. Likivunjika, namswaga mlimani." Jamani, huko mlimani harudi ng'ombe!

Majirani wakachanga, fedha ikatimia. Sasa ibebwe ndani ya nini? Hapo ndipo ugomvi ulipoanza!

Mjomba Machano alileta kifuko chake cha ngozi, cha kuning'iniza shingoni, shanga tele na njuga juu. "Mwenye fedha asikike, mwanangu!"

"Asikike na wezi?" bibi yake Siwatu akauliza.

Mjomba akavua hamiani yake, ule mkanda mpana wenye mfuko ndani, wanaoufunga wanaume chini ya kanzu. Akamfunga Siwatu. Ukateleza mpaka magotini. Msicheke! Haya, chekeni.

Bibi akashika ncha ya kaniki aliyojitanda mjukuu wake, akatia fedha, akakunja, akakaza fundo. "Hili ni pindo. Halipigi kelele, halidondoki. Kimbia!"

Siwatu aliona haya. Pindo ni la vikongwe, aliwaza. Lakini alikimbia, akakimbia, mpaka akaliona soko.

Mara ngoma! Vigelegele! Bibi harusi anapita! Na desturi ya mji ule mnaijua? Mtaijuaje, hamkuwepo. Bibi harusi alikuwa hakanyagi udongo. Kila mwanamke aliyekuwa njiani alivua kaniki yake ya juu, akaitandika apite. Naye bibi harusi alikuwa hasemi neno mpaka avuke kizingiti cha mume. Akisema, harusi inarudi nyuma, inaanza upya kesho.

Siwatu alipandwa na furaha! Akapiga vigelegele, akavua, akatandika. Pindo na fedha ndani, mtoto wa watu amesahau! Bibi harusi akapita, wanawake wakaokota kaniki zao, vup, vup, nyeusi zote, sawa zote. Siwatu naye akaokota. Akapapasa ncha hii, hamna. Akapapasa ncha ile, hamna!

"Fedha yangu! Ng'ombe wa mama!"

Nani amsikie? Ngoma zinarindima, na kule sokoni watu wanakunja mikeka.

Bibi harusi, Mwanakheri, alikuwa anachechemea. Kisigino chake kilikuwa kimekanyaga kitu kigumu njiani. Sasa alikuwa hatua moja tu kutoka mlangoni. Akatazama kizingiti. Kilio cha Siwatu kikamfikia, akamtazama. Akafunua ushungi.

"Nyamazisheni ngoma!"

Kungwi wake akashika kichwa. "Mwanangu, umesema! Harusi imerudi!"

"Na irudi! Nimekanyaga fedha ya mtoto huyu. Asiondoke mtu. Kila mmoja apapase ncha za kaniki yake."

Wakapapasa, wakapapasa, mpaka Bi Zume, mwanamke mnene mwenye huruma, akapiga ukelele: "Maskini mimi! Nimejitanda mali ya watu!"

Siwatu alinyakua kaniki, hata asante hakusema. Mbio! Mnunuzi alikuwa ameshamfungua Chaurembo.

"Hii hapa!"

Mnunuzi akavuta fundo, wapi! Akaling'ata kwa meno, wapi! Chaurembo yuko pale anamlamba Siwatu shingo. Hatimaye fundo lilifunguka, na jino la mnunuzi likabaki ndani.

Jioni ile kitoto kichanga kilishiba maziwa, kikalala. Kesho yake harusi ikaanza upya, na kaniki ya kwanza njiani ilitandikwa na Siwatu. Alikuwa ameshapapasa ncha zote.

Basi shikeni hili, wajukuu zangu. Kifuko cha njuga kinapendeza, na hamiani inalindwa na kiuno cha mwenyewe. Pindo la Siwatu lililindwa na mtu aliyekubali sherehe yake isimame. Ukimsikia mwenzio analia, simamisha ngoma yako kwanza.

Kisa nimekikunja, fundo nimelikaza. Kibebeni mwende nacho kwenu.