Mbayuwayu ya Fundi Saa

Hapo zamani, na zamani ninayoitaja si ya wafalme wala ya majini bali ni Jumamosi ya tarehe 9 Julai mwaka 2011, watu watatu walikutana uani kwa mjane mmoja katika mji mdogo wa Lugunda, nyanda za juu kusini. Walikutana ili warushe ndege.

Ndege hiyo haikuwa ya kupanda watu. Mabawa yake yalikuwa mapana kadiri ya mtu mzima aliyenyoosha mikono yote miwili. Mwili wake ulichongwa kutoka katika lile povu gumu linalofungiwa televisheni ndani ya boksi. Puani ilikuwa na mota ya umeme, tumboni ilikuwa na nafasi ya betri moja, na mwenye kuiongoza alisimama chini akiwa na rimoti mkononi. Mzee Yusto Kilasi, fundi saa, aliiunda kwa miaka miwili, akaiita Mbayuwayu. Alifariki dunia tarehe 19 Novemba 2010 kabla hajaiona ikiondoka ardhini.

Mjane wake, Bi Tusekile, alikuwa anahama siku ile. Shemeji yake angefika asubuhi kumchukua, nao wangeondoka kwa basi la saa nane kwenda Tunduma. Ndege isingeingia ndani ya basi, na juu ya basi isingefika nzima. Kwa hiyo aliwaita wanafunzi watatu wa marehemu, aliowafundisha kurusha ndege za rimoti, akawaambia, "Wanangu, nataka niione angani kabla sijaondoka. Atakayeniwezesha kuiona, ndege ni yake."

Wa kwanza aliitwa Ombeni, muuza mbegu, mpwa wa marehemu. Wa pili aliitwa Zabron, mwenye mashine ya kusaga. Wa tatu aliitwa Edina, fundi cherehani. Wote watatu waliitaka ndege ile, na hakuna aliyeficha.

Sasa, msikilizaji, fahamu kwanza tabia ya betri hizi. Ukiziweka kwa miezi mingi zikiwa zimejaa, zinaharibika. Ukiziweka tupu, zinakufa. Hutunzwa zikiwa nusu. Ukizichaji kwa pupa, huvimba kama andazi kwenye mafuta, kisha huwaka moto ambao haujali maji. Ndiyo maana Mzee Kilasi alizichaji ndani ya chungu chenye mchanga, na ndiyo maana aliwawekea wanafunzi wake sharti moja ambalo hakulilegeza kwa mtu yeyote: anayeunga betri kwenye chaja haondoki mpaka aitoe. Akiitwa, aitoe kwanza. Akibanwa na haja, aitoe kwanza.

Betri za Mbayuwayu zilikuwa tatu. Baada ya mazishi Ombeni alizikuta zimejaa, kwa sababu mzee alizichaji akitumaini kurusha wiki ileile aliyougua. Ombeni akazipunguza hadi nusu, akazihifadhi dukani nyuma ya magunia ya mbegu, mahali pa baridi. Kila mwezi alizipima, seli moja baada ya nyingine. Masika yakaja, masika yakaisha. Hakuna aliyemwona akifanya hivyo, wala yeye hakumwambia mtu.

Asubuhi ya tarehe 9, moja ilikuwa imevimba. Ombeni aliitenga, akasema hiyo haichajiwi tena. Zikabaki mbili.

Umeme haukuwapo, maana ulikuwa mwaka wa mgao. Chaja ya mzee iliweza kutumia betri ya gari, lakini nani angekubali kung'oa betri ya gari lake siku ya Jumamosi, siku ya mnada wa ng'ombe, ambapo kila mwenye gari hupata mzigo? Zabron alikubali. Aling'oa betri ya pikapu yake, akaiweka juu ya meza ya uani, akawaambia waliokuja kukodi kwamba leo gari haliendi popote.

Edina yeye alikuwa kwenye meza ileile akirekebisha mkia. Zabron akamtania, "Edina, unaishika ndege ya povu kama mtoto wa askofu."

"Njoo uishike wewe kama gunia la mahindi," akajibu Edina, "halafu tuone itakayopaa."

Ombeni akaunga betri ya kwanza chunguni, juu ya meza hiyohiyo. Akaweka chaja katika mwendo wa polepole, mwendo wa saa nzima, akavuta kigoda, akaketi.

Hapo shemeji mtu akafika langoni. Jina lake Mzee Anyosisye, kaka mkubwa wa marehemu, ambaye hakuweza kufika mazishini kwa sababu ya ugonjwa. Nanyi mnajua desturi ya kule. Aliyekosa mazishi hapokewi kwa chai. Hupokewa langoni na ndugu wa damu, hupokewa begi lake, huketishwa, kisha husimuliwa msiba tangu marehemu alipoanza kuumwa hadi kaburi lilipofunikwa, wala simulizi hiyo haikatizwi katikati. Na ndugu wa damu uani pale alikuwa mmoja tu, Ombeni.

Ombeni alitazama lango, akatazama chungu. Akiitoa betri, kazi ingeanza upya. Akikaa, mjomba wake angesimama na begi mkononi. Akamwambia Edina, "Dada, niangalizie hiyo," akaenda.

Edina akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye mkia wake.

Simulizi ya msiba ikawa ndefu, kama inavyopasa. Zabron akawa anatazama miti. Kwenye uwanja wa mnada uliopakana na nyumba ile, upepo huanza jua linapopanda, na ukishaanza hauna simile na kitu chepesi. Akaona majani ya mikaratusi yameanza kugeuka. Akaona chaja inakwenda polepole. Hakumuuliza mtu. Akanyoosha kidole, akaongeza mwendo, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu.

Betri ikapata joto. Ikavimba. Ikatoa moshi mweupe wenye harufu tamu mbaya, na mdomo wa chungu ulikuwa shibri moja tu kutoka ubavuni mwa ndege. Edina alipoinua macho, mwali ulikuwa umetoka. Zabron akaingiza mkono mtupu, akaichomoa betri na nyaya zake, akaitupa katikati ya ua. Ikawaka huko peke yake mpaka ikaisha. Meza ilipona, chaja ilipona, ndege ilipona. Kiganja cha Zabron hakikupona.

Mzee Anyosisye akatoka barazani, simulizi yake ikiwa imekatizwa, akasema kwa upole, "Nimekuja kupewa pole ya msiba, nakuta na wa pili unaandaliwa."

Ombeni hakucheka. Akamuuliza Edina kama hakuiona chaja. Edina akajibu, "Nilikuwa naona taa zake tu, kaka. Mimi siye niliyeunga." Akamuuliza Zabron aliongeza kwa ruhusa ya nani. Zabron, mkono umefungwa kitambaa cha Bi Tusekile, akajibu kwamba upepo hauombi ruhusa.

Ikabaki betri moja. Ombeni akaiunga kwa mwendo wa polepole, akaketi. Mjomba akamwita amalizie kusimulia. Hakwenda. Mjomba akamwita tena. Ombeni akasema, "Nisamehe, mjomba. Kaburi nitalifunika nikimaliza hii." Mzee akanuna, lakini akavuta kiti akaja kuketi karibu na chungu, na hapo msiba ukasimuliwa hadi mwisho.

Betri ilipojaa, saa sita na nusu ilikuwa imegonga na upepo ulikuwa umekwisha kuwa mkali. Ombeni akasema hawezi kurusha katika upepo ule. Zabron akasema hata angekuwa na mikono yote miwili asingethubutu. Edina akaipeleka ndege katikati ya uwanja wa mnada, ng'ombe wakiwa wamekwisha kuondolewa, akamwomba Mzee Anyosisye aishike juu ya kichwa na kuiachia atakapoambiwa.

Ikapaa. Upepo ukaipiga ubavuni, ikainama, Edina akairudisha. Ikapanda juu ya mikaratusi, ikazunguka nyumba ilimoundwa, ikapita juu ya paa. Bi Tusekile alisimama mlangoni amevaa nguo za safari, mkono mdomoni. Mzunguko wa nne mota ikaanza kulegea, na Edina akaishusha kwenye majani makavu bila hata kukwaruza rafadha ya puani.

Ndipo madai yakaanza.

Ombeni akasema, "Mama, ndege bila betri ni povu. Ningekuwa sikuzitunza tangu Novemba, leo zote tatu zingekuwa zimevimba, na hao wawili wangekuwa wanakuomba radhi."

Zabron akasema, "Betri bila umeme ni jiwe. Umeme ni wangu. Na moto ule ungeikuta ndege pale mezani, leo mama ungeona majivu. Tazameni mkono huu."

Edina akasema, "Mama hakusema anataka kuona betri, wala hakusema anataka kuona mkono. Alisema anataka kuiona angani. Nani aliyeiweka angani?"

Wakajibizana pia. Wakamwambia Ombeni kwamba alivunja sharti la mzee, akaondoka kwenye alichokiunga. Wakamwambia Zabron kwamba moto alioutupa uani aliuwasha mwenyewe. Wakamwambia Edina kwamba aliitikia kuangalia na hakuangalia. Hakuna aliyeweza kukana.

Bi Tusekile akawasikiliza hadi wakanyamaza. Akaenda kwenye ndege, akafungua tumbo lake, akaitoa ile betri moja iliyobaki. Ilikuwa bado na joto. Chaji yake ilikuwa imeshuka chini ya nusu, na kabla ya usiku ilipaswa kuungwa tena ili isife.

"Ndege na hii haviachani," akasema. "Nitakayempa hii, ndege ameichukua."

Barabarani basi likapiga honi. Mzee Anyosisye akachukua begi. Mjane akasimama na betri kiganjani, na mbele yake ikanyooshwa mikono mitatu: mkono uliozitunza betri kwa miezi yote ile na kuiacha moja kwa dakika chache, mkono uliowasha moto kisha ukaingia ndani yake, na mkono uliosahau ulichokabidhiwa lakini haukutetemeka katika upepo.

Nimekwisha kueleza yote niliyoyajua, bila kuongeza wala kupunguza. Haya, mliosikiliza: kama betri ile ingekuwa kiganjani mwako, na basi linapiga honi, ungeiweka katika mkono wa nani?