Ua la Mama Liko Chini ya Pipa

Wewe uliyesinzia pale nyuma, fungua jicho moja tu. Linatosha kwa habari hii.

Fundi mmoja alitengeneza maua ya jipsamu ya kubandika darini. Karakana yake ilikuwa uani, ukuta kwa ukuta na chumba cha mama yake, na unga ule mweupe ulielea humo kutwa kama wingu lililopotea njia. Kuku wa nyumba ile wote walikuwa weupe, hata yule mweusi. Fundi akitoka nje, watoto wa jirani walidhani mzimu.

Mtaa mzima ulilala chini ya maua yake, isipokuwa mama. Mama hakuweza tena kuinuka kitandani, na juu yake palikuwa na mabati matupu.

"Mwanangu," alimwita, "ile kutu pale imetoka sura ya shangazi yako. Kila nikifumbua macho, ananinunia. Niwekee ua basi."

"Nitakuwekea, mama. Utadhani umelala bustanini."

Na hakuwa mwongo, jamani! Siku alipoletewa unga laini kuliko wote, unaoteleza vidoleni kama maji, hakuutumia kwa mteja. Aliumimina wa kwanza kabisa ndani ya pipa lake kubwa. Pipa lile lilikuwa na kimlango chini cha kutolea unga. Akakiziba kwa misumari, mtu asije akagusa wa mama. Halafu juu yake akamwaga unga wa wateja.

Tangu hapo alichota juu. Ukipungua, anaongeza juu. Ukumbi wa harusi, anachota juu. Sebule ya mheshimiwa, anachota juu. Mama akiuliza, yeye anapiga pipa kofi: "Lako lipo, mama! Liko chini."

Mama alifumba macho akaliona: ua jeupe, likifunguka taratibu juu ya kitanda, jani baada ya jani, hadi mabati yanayeyuka na shangazi anaondoka zake. Akalala akitabasamu. Fundi alichungulia, akatabasamu naye, akarudi kuchota juu.

Asubuhi moja sauti ya mama ikaja nyembamba kama uzi. "Mwanangu. Leo."

Fundi alitupa kazi za watu. Akachota unga wa juu wote, akaumwaga sakafuni, akainama mpaka miguu ikaning'inia nje ya pipa, akazamisha kopo. Ngo! Akaleta patasi. Ngo! Pipa lilikaa juu ya udongo mtupu; mvua baada ya mvua, unyevu ulikuwa umepanda kupitia kitako chenye kutu. Unga ule laini ulikuwa umegeuka jiwe, duara, jeupe, zito.

Akapasua pipa, akalibingirisha jiwe hadi chumbani huku akilia. "Mama, nilikuwekea! Wa kwanza kabisa ulikuwa wako!"

Mama akanyoosha mkono, akalipapasa. Akacheka kidogo.

"Usilitupe, mwanangu. Ua limechelewa, ila jiwe limewahi. Litanifaa kaburini, kichwani."

Kwaya, mbona mmenyamaza? Sasa hivi si mlikuwa mnacheka?

Ndugu zangu, sisi hatuwanyimi wetu kwa chuki. Sisi tunawawekea! Upendo ule bora tumeumimina chini kabisa, tumepigilia misumari, na kila siku tunagawa wa juu: tabasamu kwa bosi, subira kwa mteja, maneno matamu kwa mgeni. Mke akiuliza, tunapiga pipa kofi. "Si unajua nakupenda?" Atajua vipi? Amewahi kuingia pipani? Mungu hakutupa upendo wa kuhifadhi. Ukikaa, unaganda.

Basi leo ibada ikiisha, msipange foleni mlangoni kunipa mkono na kunisifia mahubiri. Mimi ni mteja tu, mnanichotea wa juu. Piteni. Nendeni nyumbani mkang'oe misumari.