Tonge la Kwanza la Nakijwa

Hapo zamani, zamani isiyo mbali, huko Usangi mtoto aitwaye Nakijwa aliona kikombe chenye maji, akanywa. Hayakuwa maji. Ilikuwa kostiki ya mama yake, ile dawa kali ya kutengenezea sabuni. Umio, njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ukaungua, ukaziba.

Mama akamlisha uji kwa mpira uliopitishwa tumboni. Majirani wakasema, "Mwache apumzike." Mama akajibu, "Atapumzika akishazeeka."

Daktari Msangi akampasua. Akachukua kipande cha utumbo mpana, akamtengenezea njia mpya. Nakijwa akala ugali. Siku ya kuondoka, daktari akamwambia mama, "Pale juu nimeacha sehemu iliyoungua. Baada ya miaka mingi saratani inaweza kuota hapo. Usiache kumleta apimwe."

Mama akaitikia. Hakumrudisha, wala hakumwambia mwanawe neno hilo.

Nakijwa akakua, akaolewa na Mbonea, akazaa. Alipofikia utu uzima, chakula kikaanza kukwama. Kwenye zahanati wakampa dawa ya vidonda vya tumbo, naye akaridhika. Mbonea hakuridhika. "Mtu hamezi hata mate, hivyo ni vidonda gani?" Akafunga duka lake, akampeleka hospitali kubwa. Kamera ikashushwa kooni. Saratani, ila bado haijasambaa.

"Upasuaji wa pili ni wa hatari," Nakijwa akaambiwa na madaktari. "Unaweza usiamke."

"Koo hili nililipata kwa kisu," akasema Nakijwa. "Leteni kisu."

Akapasuliwa, akapona. Akachinja mbuzi, akaita watu. "Tonge la kwanza nitamlisha aliyenipa uhai."

Msangi, sasa mzee, akasema, "Njia ile niliijenga mimi, na hatari nilimtajia mama yako."

"Nilipokuwa mtu mzima, ulinitafuta?" Nakijwa akamuuliza.

Mama akasema, "Nilikulisha kwa mpira walipokukatia tamaa. Na ndiyo, nilificha. Ningesema, ungeolewa ukiogopa, ungezaa ukiogopa. Sijutii."

Mbonea akasema, "Mama, nisamehe. Ninyi mlijua, hamkumpeleka. Mimi sikujua, nikampeleka."

Nakijwa akafinyanga tonge, akawatazama wote watatu. "Na aliyelala kwenye meza ya upasuaji mara mbili ni nani? Mbona hamnitaji?"

Mkono ukabaki hewani, tonge likitoa mvuke.

Haya, nyie mnaonisikiliza: lingekuwa mkononi mwenu, mngelitia kinywani mwa nani?