Pembe ya Babu wa Nyati

Sogeeni, wajukuu zangu, na mwenye muwa autafune baadaye. Hadithi hii inaniuma mwenyewe, sitaki kuirudia mara mbili.

Hapo zamani za kale, nyati walipokuwa bado hawajajiita taifa, waliishi koo tatu kwenye uwanda mmoja. Kila ukoo ulikuwa na dimbwi lake la matope. Hawakualikana harusini wala hawakuzikana. Ukimkuta nyati wa dimbwi la juu anagaagaa katika dimbwi la chini, jua leo pana ugomvi.

Ng'ambo ya kijito palikuwa na bonde la ngiri. Ngiri walichimba mashimo, na kanga wakataga mayai yao vichakani karibu nao. Kanga akiona adui, hupiga kelele. Ngiri hutoka na meno yake. Ndivyo walivyolindana.

Aliyeumizwa na mpango huo ni Nguchiro. Mnamjua, yule mdogo mwenye mkia mrefu na maneno mengi. Nguchiro alipenda mayai kuliko alivyompenda mama yake. Akipata yai, hulirusha nyuma kati ya miguu yake, likapasukia jiwe: pa! Lakini kila alipovuka kijito, kanga walipiga kelele na Mama Ngiri akamtoa mbio. Kovu la jino lake alikuwa nalo mkiani.

Sasa, kwenye dimbwi la chini alikaa Bi Mwatumu, nyati mjane mwenye wana wawili, Chande na Sudi. Mwaka mmoja wa kiangazi Chande alitumbukia korongoni, akafa. Bi Mwatumu akaweka matanga. Wa madimbwi mengine hawakuja, kwa kuwa walikuwa wamenuniana juu ya matope, na wa dimbwi lake walikuja wakaondoka. Aliyevuka kijito na mizizi mitamu mdomoni alikuwa Mama Ngiri.

"Shoga yangu, kula kidogo," alimwambia. "Hata mfiwa ana tumbo."

Akakaa naye siku tatu.

Miezi ikapita. Nguchiro alipokuwa akipita korongoni aliiona pembe ya Chande, imebanduka kwenye fuvu. Akaizunguka. Akacheka peke yake, ki-ki-ki! Kisha akaiburuta, buru, buru, mpaka kwenye mdomo wa bonde la ngiri. Akaifukia, akaacha majani yaote juu yake.

Mvua ziliponyesha, alikwenda kwa Fahali Kitwana, mkubwa wa dimbwi la juu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Una nini wewe?"

"Nimeota ndoto, mzee. Nimemwota babu yenu, nyati wa kwanza kabisa. Analia. Anasema wajukuu zake wamegawana matope, na kaburi lake linakanyagwa na ngiri."

"Babu gani huyo?"

Nguchiro akashika kichwa. "Hata jina lake mmelisahau! Maskini, mzee wa watu."

Fahali Kitwana akaona haya. Na mwenye haya, wajukuu zangu, ni mwepesi kuongozwa.

Kesho yake koo zote tatu zilikwenda kuchimba pale Nguchiro alipoonyesha. Pembe ikatoka. Nyati wa juu akamwegemea nyati wa chini, wakalia. Waliiosha ile pembe, wakaizungusha kwenye madimbwi yote matatu kwa nyimbo. Tangu siku hiyo dimbwi halikuwa na mwenyewe, na kila mmoja alijiita Mwana wa Pembe. Wagonjwa walitembelewa, yatima walilishwa. Jambo lile lilikuwa zuri, siwadanganyi.

Pembe ilipofika dimbwi la chini, Bi Mwatumu aliona ncha yake. Ilikuwa na ufa. Chande akiwa kijana mdogo aliwahi kulipiga jiwe kichwa akidhani ni fisi, ncha ikapasuka, na mama yake akakesha akimlamba.

Akafungua kinywa aseme. Halafu akatazama mbele yake. Uwanda mzima ulikuwa umepiga magoti, unamlilia mwanawe, yule ambaye alipokufa majirani hawakusogea.

"Acha wamlie," alijiambia. "Wamechelewa, lakini acha wamlie."

Akafumba kinywa. Nguchiro alimwona, na alijua kwamba anajua. Akamsogelea pole pole.

"Mama, machozi yako yamezidi ya wote. Kuanzia leo wewe ndiwe Mama wa Pembe."

Haukupita mwezi, nyimbo zikabadilika. Kwanza waliimba kwamba babu yetu ni mmoja. Sasa wakaimba kwamba bonde la babu ni letu. Ndipo Mama Ngiri alipovuka kijito tena.

"Shoga, wanasema tuhame, au tufunge vijiti kichwani kama pembe, tuitwe Wana wa Pembe wadogo. Mimi nimezaliwa katika shimo lile, na mama yangu pia. Wewe wanakusikiliza. Niambie kweli, ile pembe unaijua?"

Bi Mwatumu akainamisha kichwa. Alifikiri, nikisema, nitarudi kulia peke yangu.

"Siijui," akasema.

Mama Ngiri alimtazama sana. Akarudi kwake bila kuaga.

Asubuhi ya vita, Sudi aliwekwa mbele kwa kuwa ni mwana wa Mama wa Pembe. Alifurahi, maskini. Ndi! Ndi! Ndi! Nyati mia tatu wakashuka bondeni. Majani yalikuwa marefu, na chini ya majani yalikuwa mashimo. Mguu wa Sudi ukaingia katika shimo, kwach! Akaanguka. Akaita, "Ngojeni, jamani, mimi mwenzenu!" Waliokuwa nyuma yake walikuwa wanaimba kwa sauti, hawakumsikia. Walipita juu yake wote.

Ngiri wakakimbia. Walioshindwa kukimbia walifungwa vijiti kichwani. Kanga wakaruka kwenda bonde la pili, na kutoka vichakani ikasikika: pa! Pa! Pa!

Bi Mwatumu alikaa na maiti ya mwanawe mpaka jua likawa utosini. Kisha akaenda mbele ya mkutano.

"Pembe ile ni ya mwanangu Chande," akasema. "Tazameni ufa wake. Niliijua tangu siku ya kwanza, nikanyamaza. Hakuna babu aliyezikwa hapa."

 Fahali Kitwana aliutazama ule ufa kwa muda mrefu. Alikuwa mkweli.

"Dada yangu," akasema kwa sauti ya chini, "tukikubali hilo, Sudi amekufa kwa ajili ya nini?"

 Nguchiro, ute wa yai ukiwa bado shavuni mwake, akasema kwa huruma, "Mama yetu ana uchungu. Mpelekeni akapumzike. Mwanawe ameuawa na ngiri."

"Ameuawa na ngiri," wakaitikia wote, hata wale ambao kwato zao zilikuwa na damu ya Sudi.

Wakampeleka dimbwini. Alipokwenda baadaye kuizika mifupa ya Sudi, aliikuta, lakini pembe moja haikuwepo.

Mvua za mwaka uliofuata ziliponyesha, Nguchiro aliota tena. Bibi wa taifa, alisema, amezikwa bonde la pili, kule walikohamia kanga. Nyati walikwenda kuchimba wakiimba. Bi Mwatumu hakwenda kuangalia kilichotoka ardhini. Alibaki dimbwini peke yake, akatazama ng'ambo ya kijito, na hakuna aliyevuka kumletea mizizi.

Basi hapo ndipo hadithi iliponiachia, nami nawaachia neno moja: ukimwona mtu anakusaidia kulia juu ya kaburi usilolijua, mtazame kwanza mdomoni anakula nini.