Chujio Kavu Si Bovu

Chujio kavu si bovu. Mmeisikia kauli hiyo leo, mkacheka, na sasa mnataka kujua asili yake. Basi methali hii ilianza hivi.

Mto ulikuwa umefurika. Katika redio ndogo ya bonde lile, ujumbe wa wasikilizaji ulimiminika bila kikomo: huyu anaomba wimbo, yule anamsalimu mchumba, na katikati yao watu waliozingirwa na maji wanaomba kuokolewa. Atupakisye, fundi wa redio, alikuwa ameunda programu ya kuchambua maandishi, akaiita Chujio. Unaiandikia amri, unaitajia neno, kisha faili la kusoma; nayo hukutolea mistari yenye neno hilo tu.

Nje, boti ilikwisha pakiwa kwenye lori. Dereva, Ambindwile, hakujua aelekee kijiji gani.

Atupakisye akaandika: *chujio mafuriko*. Kimya. Akaizima, akaiwasha. Kimya. Akaifungua programu yenyewe, akafuta mstari, akaongeza mwingine, akajaribu tena. Kimya kilekile.

"Dada, kompyuta imelala?" Ambindwile akauliza mlangoni.

"Ingelala ningeiamsha, kaka. Imekufa."

"Basi tutaizika kesho. Maji hayangoji matanga."

Hasira zikampanda Atupakisye. Palepale ilipomnyamazia akaigongea kwa vidole vyote: *Utanyamaza mpaka mafuriko yatumalize?*

Papo hapo sentensi ile ikajitokeza tena chini yake, neno kwa neno.

"Loo! Inakujibu?"

Atupakisye akaiinamia skrini. "Hainijibu. Inachuja. Nimeandika mafuriko, imenitolea mafuriko." Akaisoma upya amri yake. Neno alilitaja, faili hakulitaja. Programu isiyopewa faili husubiri kuandikiwa. Muda wote ule ilikuwa ikimngoja yeye. "Kaka, sikuipa kitu cha kuchuja!"

Akarudisha mstari alioufuta, akaondoa aliouongeza, akaandika amri pamoja na jina la faili lenye ujumbe wa wasikilizaji. Skrini ikajaa. Kilio kikubwa kilitoka kijiji cha Ilopa: watu wako juu ya paa la shule.

Walifikiwa wote, wangali hai.

Ambindwile aliporudi, amelowa hadi kifuani, aliwakuta wenzake wakimcheka mtangazaji mpya aliyeketi bubu mbele ya kipaza sauti.

"Mmempa taarifa ya kusoma?" akauliza.

Mmoja akaitazama karatasi ya taarifa, ingali mkononi mwake.

"Basi mwacheni mtoto wa watu. Chujio kavu si bovu."