Bi Lubaba Alipokiri Ukungu wa Macho Yake

Wamesimulia waliopokea habari za wema waliotangulia kwamba katika mji wa Zabidi aliishi mwanamke mchamungu, Bi Lubaba, mchanganyaji wa dawa. Umri ulipokwenda, rangi ya zafarani ilianza kumfifilia ikawa kama mchanga. Taa aliiona imezungukwa na pete za mwanga, na majirani hakuwatambua mpaka waseme. Kila mara alipata kisingizio: mara mafuta ya taa ni mabaya, mara chupa zina vumbi. Akazisugua chupa, akabadilisha mafuta, ukungu haukuondoka.

Asubuhi moja Ghaziya, mjane wa jirani, alimletea mwanawe mchanga akitetemeka kwa degedege. Dawa yake ilitaka unga wa mzizi ambao chembe ikizidi huua. Bi Lubaba alinyanyua mizani, akavitazama vitanga vyake, asijue kipi kimeinama. Nafsi ikamnong'oneza: mikono yako imezoea, kisia tu. Akaiweka mizani chini.

"Macho yangu yameharibika, mwanangu. Sithubutu."

"Mama, usinifukuze! Nani mwingine anayeijua dawa hii?"

Hakuwapo mwingine. Mughira, mwuza dawa wa pili mjini, alikuwa ametamani siri ya dawa hiyo miaka mingi, na kwa kuikosa akawa humsema vibaya sokoni. Bi Lubaba alijifunga ushungi, akamshika Ghaziya mkono, wakaenda moja kwa moja dukani kwake.

"Mughira, sioni vizuri," alitamka mbele ya wateja. "Nitakutajia, wewe upime."

"Utanipa dawa yako?"

"Nimekupa. Fanya haraka, mtoto anateseka."

Akataja kila kitu, hakuficha hata kimoja. Kabla ya adhuhuri degedege lilitulia kwa idhini ya Mola, mtoto akanyonya.

Hapo Mughira, uso umemshuka kwa haya, alimwomba Bi Lubaba ageukie mwangani, akamchungulia.

"Mboni zimeingia weupe. Huyu ni mtoto wa jicho. Adeni yuko tabibu anayejua kumtoa. Kwa nini ulinyamaza?"

"Niliogopa kuambiwa nimezeeka."

Alisafiri, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu jicho la kulia likaona tena. La kushoto halikupona. Akafungua duka lake kama zamani, ila dawa kali alimwachia Mughira azipime.

Ndugu zangu, macho ya mtu anayetegemewa ni amana ya wengi. Yakianza kukupotea, sema mapema, utazamwe. Si aibu kuzeeka; aibu ni kukisia na roho ya mtu iko mkononi mwako.