Jina la Mtoto wa Kitanda cha Joto

Sogeeni karibu, mnipe masikio. Kusimulia ni kazi yangu. Kuhukumu ni kazi yenu.

Hapo Tanga walikuwepo marafiki watatu, wote wanawake, waliotunga lugha ya kuandikia programu za kompyuta kwa Kiswahili. Waliiita Mkeka. Tunu alikuwa na kipawa cha maneno: ndiye aliyeandika sarufi yake, kitabu kinachoeleza kila sentensi ya Mkeka ina maana gani. Mwanakombo alikuwa na kipawa cha kuunda: ndiye aliyetengeneza kompaila, ile programu inayosoma sentensi za Mkeka na kuzigeuza amri ambazo mashine inazitii. Wa tatu, jina lake Sikudhani, kipawa chake kilikuwa kutoamini. Alijaribu kila kitu mpaka kivunjike.

Lugha ikapendwa. Lakini wageni walipokuja walikwenda moja kwa moja mezani kwa Mwanakombo. "Wewe ndiye mwenye Mkeka!" Mwanakombo alicheka tu, asikanushe. Tunu aliwamiminia chai huku roho inamchoma. Kitabu chake nani alikisoma?

Alikisoma Mhina, fundi wa hospitali. Alikifuata neno kwa neno akaandika programu ya kitanda cha joto cha watoto njiti, kile chenye mlango na hita ya umeme. Sikudhani akakijaribu kitanda, akaridhika, kikaanza kazi.

Asubuhi moja Mhina akapiga simu. "Dada zangu, njooni. Hita haizimiki. Muuguzi amemtoa mtoto mwili unawaka."

Walimkuta mtoto, wa kike, amefunikwa khanga kifuani kwa bibi yake. Mama yake, Zaina, alikuwa hajaweza hata kuinuka baada ya upasuaji wa kujifungua.

"Sasa ameanza kupoa, tena anapoa mno," muuguzi akasema. "Nakitaka kitanda changu."

Mwanakombo akaitazama programu. "Mhina, umekosea."

"Mimi? Nimefuata kitabu."

"Basi kitabu ndicho kimekosea."

Tunu akahisi uso wake unawaka moto.

Sikudhani hakumsikiliza yeyote. Aliikata ile programu, akiondoa kipande baada ya kipande, mpaka ikabaki sentensi moja: kama mlango umefungwa, kama joto limeshuka, washa hita, la sivyo zima hita.

"Ugonjwa uko hapa," akasema. "Hii 'la sivyo' ni ya 'kama' ipi?"

Wote wakamgeukia Tunu. Hakuhitaji kufungua kitabu. "Ya karibu nayo, ile ya joto. Mlango umefungwa, joto linatosha, basi hita izimwe. Nimeandika hivyo, na haina maana ya pili."

Mwanakombo akapekua kompaila yake, akasema kwa sauti ndogo, "Yangu inaifungia kwenye 'kama' ya kwanza, ile ya mlango. Inazima hita mlango ukiwa wazi tu; ukifungwa, hita ikishawaka hakuna cha kuizima."

Tunu alifurahi. Mtoto anapoa kifuani kwa bibi yake, na yeye anafurahi kwamba hatimaye mwenzake ameumbuka mbele za watu. Aliona aibu, lakini furaha yenyewe haikuondoka.

Mwanakombo hakujitetea. Alivuta kiti, akaibomoa sehemu ile ya kompaila na kuijenga upya palepale, vidole vyake haviyumbi, huku bibi akimpulizia mjukuu pumzi za moto. Tunu alimtazama akajua kwamba kazi ile yeye asingeiweza. Wivu ukamrudia upya, mchungu kuliko wa mwanzo.

Kitanda kikawashwa. Sikudhani akakijaribu kwa kila hali, akakubali. Mtoto akarudishwa, akapata rangi, akalia.

Zaina alipopata nguvu aliwaita. "Mwanangu hana jina. Nataka aitwe jina la aliyemwokoa. Jina liwe moja tu. Elewaneni."

Wakatazamana.

"Bila kitabu changu," Tunu akaanza, "mngejuaje kosa liko wapi? Mngeirekebisha programu ya Mhina, na kompaila ingekuja kumuunguza mtoto mwingine."

"Kitabu chako kilikuwa sahihi tangu mwanzo," Mwanakombo akajibu, "na mtoto aliungua hivyo hivyo. Aliyekirudisha kitanda ni mimi."

"Baada ya kukiharibu!" Tunu akadakia.

"Mlikuwa mnatupiana lawama," Sikudhani akasema. "Aliyewaonyesha sentensi ni nani?"

"Na aliyekipitisha kitanda ni nani?" Mwanakombo akamrudi. "Ulikijaribu mlango ukiwa wazi, ukaona hita inazimika, ukaenda zako."

Sikudhani akainamisha kichwa, kisha akamtazama Tunu. "Sawa. Na wewe, Tunu, umewahi kukaa na Mwanakombo mkalinganisha kitabu na kompaila?"

Tunu hakuwahi. Tangu wageni waanze kumiminika, hakutaka hata kukisogelea kiti cha Mwanakombo.

Zaina alikuwa akiwasikiliza, mtoto akinyonya, macho yanahama kwa huyu na kwa yule. Mwisho akawaambia, "Mnaweza kugombana hadi kesho. Mimi bado sijui nimwiteje mwanangu."

Haya, wasikilizaji wangu. Yupo aliyejua lililo sawa asiende kulilinganisha na mwenzake, yupo aliyekosea akatengeneza, na yupo aliyepitisha kosa kisha akalifichua. Mtoto ni mmoja na jina ni moja. Je, wewe ungempa la nani?